Taa haifi, hufifia: historia ya mwanga wa jukwaani na funzo la ukumbi mmoja wa Likuyani

Jioni moja, majuma machache kabla ya mashindano ya drama ya shule, mwalimu mmoja hapa Likuyani, Kaunti ya Kakamega, aliniomba nikawatazame wanafunzi wake wakifanya mazoezi ya tamthilia ya Kiswahili. Niliketi safu ya nne. Sauti zilinifikia bila shida na lugha yao ilikuwa safi. Ila nyuso sikuziona. Palikuwa na msichana aliyeigiza mama anayemlilia mwanawe. Kilio nilikisikia, machozi sikuyaona. Juu yao zilining'inia taa kumi na mbili za jukwaa, zote zikiwa zimewashwa, na bado wale watoto walionekana kama watu wanaopita njiani magharibi.

"Mwalimu," nikamuuliza, "mbona mmewaweka watoto gizani?"

"Si sisi, Profesa. Taa zimekufa. Bodi imekubali tununue mpya, lakini pesa zenyewe zitatoka kwa zile za safari. Itabidi wengine wabaki."

Wengine wabaki. Mchezo ule ulikuwa na waigizaji kumi na wanane. Nilirudi nyumbani nikiliwaza neno moja tu la mwalimu yule: zimekufa. Taa inayowaka imekufaje?

Msomaji mpendwa, makala ya leo ni ya kulitetea neno "kufifia". Katika mazungumzo yetu ya kila siku, taa ya stima ina hali mbili tu: inawaka au imeungua. Tunawasha, tunazima, tunasema imeungua, tunatupa. Kumbe Kiswahili kina kitenzi cha hali ya tatu, ile iliyo katikati. Kufifia ni kupungua pole pole. Rangi ya kitenge hufifia kwa jua na kwa sabuni, sauti ya msafiri hufifia anapokwenda mbali, kumbukumbu ya marehemu hufifia mwaka baada ya mwaka. Katika kila mfano hakuna saa unayoweza kuinyoshea kidole ukasema, "Ni hapa ilipofifia." Waandishi wetu wa tamthilia wanalijua neno hili vizuri, kwani katika maelekezo ya jukwaa mara nyingi onyesho hufungwa kwa taa kufifia. Huko taa hufifia kwa amri. Katika ukumbi wa Likuyani zilikuwa zimefifia bila kuamriwa na mtu, na kwa vile zilifanya hivyo kidogo kidogo kwa miaka mingi, hakuna aliyeona.

Mbona hatukuona? Jibu langu ni la kihistoria, na linaanzia jikoni.

Sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa mashamba ya walowezi. Miradi ya makazi ya miaka ya 1960 ndiyo iliyoyagawa mashamba hayo na kuwaleta wazazi wetu, kila mmoja na kipande chake cha ardhi, ng'ombe wake na taa yake. Kwa walio wengi taa hiyo ilikuwa koroboi: kopo dogo la bati, utambi wa kitambaa, mafuta ya taa, moshi mwingi na hakuna kioo. Aliyejiweza kidogo alikuwa na chemli, taa yenye kioo cha kukinga upepo. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bomba la moshi. Mwenye duka, mwalimu mkuu na kanisa walikuwa na karabai, ile taa ya kupigwa pampu ambayo mwanga wake mweupe uliwaita wadudu wa kijiji kizima. Huko pwani watu walikuwa na majina ya zamani zaidi. Kandili tumelipata kwa Waarabu, na ukilifuata nyuma zaidi utafika kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mshumaa. Fanusi nalo lilipitia Uarabuni likitoka Ugiriki. Majina ya taa husafiri sana, labda kwa kuwa msafiri hana budi kubeba taa.

Lakini mimi leo sitaki majina, nataka vitenzi. Tulifuta chemli kila jioni kabla jua halijazama, kwa gazeti kuukuu na jivu laini, na mtoto aliyeivunja aliyaona. Tulikata utambi ili moto usitoe masizi. Tuliongeza mafuta. Tulipiga pampu karabai ilipoanza kulegea, tukazibua tundu lake kwa sindano nyembamba. Hakuna aliyetufundisha nadharia ya mwanga, ila kila mtoto wa miaka minane alijua kwamba taa ikipungua nguvu kuna jambo la kufanya, na jambo hilo si kununua taa nyingine. Kazi ya mwanga ilikuwa kazi ya kila siku, kama kuteka maji.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa majukwaani pia, tena kwa karne nyingi. Kumbi za Ulaya ziliangazwa kwa mishumaa na taa za mafuta, na palikuwa na mfanyakazi aliyeajiriwa kazi moja tu: kutembea ukumbini, hata katikati ya mchezo, akikata tambi zilizoanza kutoa moshi. Watazamaji walimzoea. Mwaka 1816 ukumbi wa Chestnut Street mjini Philadelphia, Marekani, ulianza kutumia taa za gesi, na London ikafuata mwaka 1817. Mwaka 1837 ukumbi wa Covent Garden ulitumia taa ya ajabu zaidi: kipande cha chokaa kilichochomwa kwa mwali wa gesi hadi kikatoa mwanga mweupe mkali. Taa hiyo ilihitaji mtu wa kukaa nayo muda wote, akikigeuza kile kipande kadiri kilivyoliwa na moto. Imekwisha kusahaulika, lakini Waingereza hadi leo humwambia mtu mashuhuri kwamba yumo katika mwanga wa chokaa. Taa imekwenda, neno limebaki.

Gesi iliangaza vizuri, na iliua pia. Tarehe 8 Desemba 1881 ukumbi wa Ring mjini Vienna uliteketea, na mamia ya watu wakafa. Majuma matatu baadaye, tarehe 28 Desemba, Richard D'Oyly Carte alisimama kwenye jukwaa la ukumbi wake wa Savoy mjini London, ulioangazwa kwa zaidi ya balbu 1,100 za Joseph Swan. Alishika balbu iliyokuwa ikiwaka, akaifunga kwa kitambaa chepesi, akaivunja mbele ya watazamaji. Kitambaa hakikuungua. Watu wakashangilia. Umeme ulikuwa umeshinda, na yule mkata tambi akapoteza kazi.

Kwetu Kenya, umeme wa kuuzwa kwa umma ulianza mwaka 1908, Mombasa na Nairobi. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi ulifunguliwa Novemba 1952, majuma machache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na kwa miaka mingi jukwaa lake lilitawaliwa na michezo ya Waingereza. Mashindano ya drama ya shule yalianza mwaka 1959. Sadfa ni kwamba mwaka huohuo wa 1959 ndipo taa ya halojeni iliposajiliwa kama uvumbuzi huko Marekani, nayo ndiyo iliyokuja kutawala majukwaa ya dunia. Zile kumi na mbili za Likuyani ni za ukoo huo.

Nasi tukauita umeme "stima". Wazee wa pwani walipotamka stima walimaanisha meli ya mvuke. Huku bara neno likahamia kwenye nyaya na nguzo, na leo mtoto wa Matunda akisema "stima imepotea" hafikirii bahari hata kidogo. Stima ilikuja na swichi, na swichi ikaja na vitenzi viwili tu: kuwasha na kuzima. Kufuta, kukata, kuzibua na kupiga pampu vikabaki kwenye koroboi na karabai, na vitu hivyo vilipotupwa vikaenda na vitenzi vyake. Hapo ndipo palipo hoja yangu. Stima ilitufanya tuamini kwamba mwanga haufutwi. Tulipoacha kusema "futa taa", tuliacha na kuifuta.

Siku ya pili nilirudi ukumbini na kijana fundi wa stima, ambaye babake nilisoma naye. Alikuja na ngazi, bisibisi, testa, mita ya kupimia volti na matambara. Hakugusa taa hata moja kwanza. Aliuliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza: "Zinauma zote ama moja?" Akaeleza kwamba taa moja ikififia peke yake, kosa limo ndani ya taa hiyo, zikififia zote kwa pamoja, kosa liko kwenye njia ya stima. Kisha akaziwasha zote, akaketi pale nilipoketi mimi, akatazama kwa muda mrefu. Kila alipogundua jambo alilitaja kwa neno lake. Maneno yake yalikuwa manne, nami niliyaandika yote.

La kwanza: "Imeshiba vumbi." Taa ya jukwaa ina lenzi mbele na kioo cha kurudisha mwanga nyuma ya balbu. Joto la taa huvuta hewa ipande ndani yake, na hewa huja na vumbi. Ukumbi wetu hutumiwa kwa mitihani, ibada, harusi na mikutano ya wazazi, na sakafu yake hufagiliwa kila siku. Vumbi lote hilo hupanda juu. Fundi alizima swichi kuu, akachomoa plagi, akaacha taa zipoe kabisa, ndipo akaifungua ya kwanza. Kioo cha nyuma kilikuwa na rangi ya chai. Lenzi aliziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akazikausha vizuri. Vioo vya nyuma akavifuta kwa kitambaa laini bila kuvikwaruza. Lenzi zenyewe ni za mtindo wa miduara uliobuniwa na Mfaransa Augustin Fresnel, uliotumika kwanza mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan wa kuongozea meli. Watunza minara walizifuta lenzi zao bila kuchoka, kwa kuwa lenzi chafu huua mabaharia. Ya jukwaani haiui mtu, ndiyo maana tunaiacha.

La pili: "Imechoka." Ndani ya balbu mna uzi wa tungsteni. Uzi huo ukiwaka huyeyuka chembe kwa chembe kuwa mvuke, na katika balbu za kawaida mvuke huo huganda kwenye kioo na kukitia weusi. Gesi ya halojeni hurudisha sehemu ya chembe hizo kwenye uzi, kwa hiyo balbu hudumu zaidi na kioo chake hubaki cheupe. Hata hivyo haidumu milele. Fundi alinionyesha mbili zilizokuwa na weusi na uvimbe. "Hizi zinawaka, Prof, lakini zimechoka." Alithibitisha kwa njia rahisi: alichukua balbu ya taa nzuri akaitia kwenye taa dhaifu, na ile ya taa dhaifu akaitia kwenye nzuri. Udhaifu ulipohama na balbu, kosa lilikuwa la balbu. Nilipotaka kumsaidia kuishika mpya alinizuia. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo cha halojeni, mahali hapo hupata joto kupita kiasi na kioo hupasuka. Hushikwa kwa kitambaa safi, na ikiguswa kwa bahati mbaya hufutwa kwa spiriti kabla ya kuwashwa.

La tatu: "Imelegea." Katika taa mbili, miguu ya balbu ilikuwa haishikwi sawasawa na kishikizo chake. Stima ikipita mahali palipolegea hutoa cheche na joto, shaba huungua, na kadiri inavyoungua ndivyo njia inavyozidi kuwa mbovu. Kwenye taa ya tatu, balbu iliwahi kubadilishwa na mtu aliyeiingiza nusu nusu, ikawa haiko mbele ya kioo chake barabara. Mwanga ulikuwa ukimulika ndani ya kopo la taa badala ya jukwaa. Kwenye nyingine tulikuta karatasi ya rangi ya samawati iliyosahauliwa tangu mchezo wa miaka iliyopita, imeungua hadi kuwa kahawia. Hiyo haikuhitaji fundi. Ilihitaji mtu wa kupanda ngazi.

La nne ndilo lililonifurahisha zaidi kama mwanaisimu: "Stima ni nyembamba." Alipima volti penye mita ya jengo, kisha akapima tena jukwaani taa zote zikiwaka. Taa hizi zimeundwa kwa volti 240. Jukwaani alipata 204. Mtu atasema zilizopungua ni 36 tu, si nyingi. Lakini mwanga wa balbu ya uzi haushuki sawa na volti. Hushuka kwa kasi zaidi mno. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Kwa volti 204, watoto wale walikuwa wamepoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wao kabla hujalihesabu vumbi. Na kosa halikuwa la kampuni ya stima, ambayo wengi wetu huilaumu kwanza. Mtu fulani zamani, alipotaka kuokoa pesa, alivuta waya moja nyembamba, ndefu, kutoka mlangoni hadi jukwaani, akazitundika taa zote kumi na mbili juu yake. Fundi aliniambia niiguse kwa nje. Ilikuwa moto. Ukumbi ule ulikuwa ukikaribia kuungua huku ukionekana gizani.

Nimeyaandika maneno hayo manne kwa sababu ninaamini ni istilahi. Kwa miaka mingi nimeketi katika mikutano ya wasomi tukibuni istilahi za sayansi na teknolojia, nyingine zikiwa ndefu kama treni, na nyingi zimelala katika vitabu ambavyo havifunguliwi. Na huku nje kijana asiyejua kwamba sisi tunakutana amekwisha gawanya tatizo zima katika vitenzi na sifa ambazo hata nyanya yangu angezielewa. Imeshiba vumbi, imechoka, imelegea, stima ni nyembamba. Kila neno linakuelekeza mahali pa kutazama na kitu cha kufanya: futa, badilisha, kaza, pima. Hata karatasi ya maelekezo iliyonunuliwa pamoja na taa zile haikuwa na Kiswahili. Ilikuwa ndani ya kabati ya ofisi, kwa Kiingereza na lugha nyingine nne, haijawahi kukunjuliwa.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hii. Kati ya taa kumi na mbili, moja tu ndiyo iliyokuwa imeungua kweli. Mbili zilihitaji balbu mpya na mbili vishikizo vipya. Zote kumi na mbili zilikuwa na vumbi. Waya ilibadilishwa ikawekwa nene, na taa zikagawanywa kwenye njia mbili zenye fyuzi zake. Jukwaani tukapata volti 226. Fundi aliikagua pia minyororo inayoshikilia taa zisianguke, akabadilisha mmoja. Gharama yote, pamoja na malipo yake, haikufika bei ya taa mbili mpya. Waigizaji kumi na wanane walisafiri wote.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya jana, kwamba taa za LED zinakuja na halojeni zinaondoka. Ni kweli, na zikija nitazipokea, maana hula stima kidogo na joto lake ni dogo. Ila LED nazo hufifia. Hupungua nguvu pole pole kuliko hata halojeni, na nyingi hazikatiki ghafla ili zikushtue. Zina feni ndogo na matundu ya kupitisha hewa ambayo hushiba vumbi vilevile, na joto likishindwa kutoka zinachakaa mapema. Tukizinunua tukiwa na vitenzi vyetu viwili vya swichi, baada ya miaka michache tutakuwa tumeketi gizani tena, tukisema zimekufa.

Nilimwomba mwalimu afungue daftari, nalo sasa limefungwa kwa uzi kando ya swichi kuu. Kila taa ina nambari na ukurasa wake: tarehe ilipofutwa, balbu ilipobadilishwa, volti zilizopimwa mwanzoni na mwishoni mwa muhula, na jina la mwanafunzi aliyehusika. Kila muhula wanafunzi wawili watashuka na taa moja baada ya nyingine, fundi au mwalimu akiwasimamia, na swichi kuu ikiwa imezimwa. Linaandikwa kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza una yale maneno manne ya fundi. Mwanafunzi mmoja aliyatazama akaniuliza, "Mwalimu, na tukipata ugonjwa wa tano?" Nikamwambia aupe jina, kisha auandike chini yake.

Wewe nawe, msomaji, pengine una ukumbi wa shule, wa kanisa au wa kijamii karibu nawe. Siku ukiingia jioni, keti safu ya nne umtazame mtu aliye jukwaani. Ukimsikia na usimwone uso, usiulize taa mpya ni pesa ngapi. Uliza zilifutwa lini.